Kubadilisha programu ya kipima-unyevu cha depo: chipu haifi kwa urahisi, lakini namba inaweza kudanganya



Mavuno ya msimu A hapa kwetu Nundu yanatoka Januari na Februari, na wakati ule mvua bado iko. Njo shida ya kila mwaka. Karanga na mahindi vinatoka shambani na maji yake, jua linapata nguvu saa tatu, mvua inanyesha saa nane, na jioni unyevu wa ziwa unapanda mpaka juu ya bashi tulizoanikia. Mkulima anashika punje, anauma kwa jino, anasema imekauka. Mara nyingi iko sawa. Mara nyingine haiko sawa, na tunajua hivyo siku tunapofungua gunia mwezi wa nne na kukuta ukungu.

Katika depo moja tunayoitembelea, kwenye njia ya kwenda Baraka, kuna kisanduku cha kupima unyevu kilicholetwa na projeti moja iliyokwisha kufunga. Kiliwekewa programu ya kutuma namba kwa mtandao mpaka kwenye kompyuta ya ofisi ya projeti ile. Ofisi ikafunga, kompyuta ikazimwa, na kisanduku kikabaki kinaita bila kujibiwa. Kilipangwa kisipime kitu kabla ya kupata jibu, basi hakipimi, na betri inakwisha kwa usiku mmoja. Watu wa depo wakakiweka juu ya dari, wakasema kimekufa.

Hakikufa. Maagizo yaliyo ndani yake njo yamepitwa na wakati. Na maagizo yanaweza kuandikwa upya nyumbani, juu ya meza, na kijana aliyemaliza sekondari anayejua kutumia kompyuta kidogo. Somo la leo linaeleza namna gani, na zaidi linaeleza jambo ambalo vijana wanalirukaga: baada ya kuandika programu mpya, utajuaje kama namba inayotoka ni ya kweli?

Kwa nini tunajisumbua

Ukungu wa karanga na mahindi unatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuimalizi, na haina ladha inayoweza kukuonya. Inaharibu ini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi yao wenyewe, yaliyowekwa akiba yakiwa na unyevu. Si mahindi ya kigeni yale. Ni mahindi ya nyumbani, ya wakulima kama sisi.

Wazee wetu na ma-agronome wengi wanatumia jaribio la chumvi ndani ya chupa, na sisi tunalifundisha bado. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu kijiko kimoja, ongeza mahindi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, kisha uache itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15 hivi, rudisha juani. Ni jaribio zuri, halina gharama. Lakini mahindi ya kuweka miezi mingi yanatakiwa yashuke chini ya asilimia 13 na nusu. Kati ya 13 na 15 chumvi inanyamaza, na hapo njo mahali ukungu unapojificha. Mashini ndogo inatusaidia katika nafasi ile nyembamba.

Mashini haipimi maji yaliyo ndani ya punje. Inapima unyevu wa hewa iliyo katikati ya punje. Ukiweka karanga ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, hewa ya ndani inapatana na karanga zile: karanga mbichi zinaitia maji, karanga kavu zinainyima. Ukungu nao unaangalia hewa ile. Hewa ikiwa chini ya asilimia 65, ukungu haukui. Ikipita 70, umefunguliwa mlango. Namba hizi zinafanya kazi kwa mahindi, kwa karanga na kwa maharagi vilevile, ingawa maji ya ndani ya punje yanatofautiana: mahindi yakiwa na 13 yako salama, karanga zinatakiwa 7 au 8. Kwa hiyo hakuna haja ya programu tatu. Moja inatosha.

Ndani ya kisanduku kuna nini

Tulipofungua kile cha depo tulikuta vitu vinne tu: betri, taa ndogo, kihisi, na bodi yenye chipu ya ESP8266. Kihisi njo pua ya mashini. Kikiwa cheupe mara nyingi ni DHT22, kinachokosea asilimia 2 hivi kikiwa kipya. Kikiwa cha bluu ni DHT11, kinaweza kukosea 5. Kwa kazi yetu, ambapo 65 ni ndiyo na 70 ni hapana, kukosea 5 ni kukosea njia nzima. Tunashauri cheupe.

Chipu ile ya ESP8266 ilibuniwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai. Ilienea duniani kuanzia 2014 kwa sababu ilikuwa bei rahisi, na kwa sababu watu waligundua haraka kwamba wanaweza kufuta programu iliyokuja nayo na kuweka ya kwao. Haikuwa kazi ya wazungu peke yao. Makerere kule Uganda, pamoja na chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Juba, walikuwa katika mradi wa WIMEA-ICT ambapo walitengeneza vituo vyao vya hali ya hewa vyenye chipu ndogo na vihisi, wakajifunza kuvirekebisha bila kungoja fundi kutoka nje. Chipu zao zilikuwa za aina nyingine, lakini wazo ni lilelile.

Wale wanaokaa sokoni Baraka wanajua neno kuflashi. Fundi wa simu anaflashi simu iliyokwama, anafuta programu na kuweka nyingine. Kazi yetu ni ileile, ila chipu hii ni ndogo zaidi na haina mambo mengi. (Wale waliowahi kuishi Nairobi wasichanganye: kule kuflashi kulikuwa ni kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa. Hapa tunasema kubipu.)

Hofu ya kuiua

Swali la kwanza tunaloulizwa kila mara: umeme ukikatika katikati, chipu haitakufa? Kwa ESP8266, hapana. Kuna kipande cha programu kilichochongwa ndani ya chipu yenyewe kiwandani, na hakiwezi kufutwa. Kazi yake ni kupokea programu mpya kutoka kwa kompyuta. Ukikatiwa katikati, kinabaki pale kinakungoja, unaanza tena. Chipu nyingine haziko hivyo. Zile za bodi za Arduino za zamani zina kipande kama kile lakini kimewekwa mahali panapofutika, na ukikifuta unahitaji chombo kingine cha kukirudisha. Kwa hiyo soma kwanza jina lililoandikwa juu ya chipu kabla ya kuamini maneno yetu haya.

Kinachoua ni umeme uliozidi na waya zilizogeuzwa. Chipu hii inakula volti 3.3. Bodi yenye tundu la USB inapokea volti 5 na kuzipunguza yenyewe, hakuna shida. Lakini ukichukua waya wa volti 5 na kuugusisha kwenye mguu wa chipu moja kwa moja, ukaona moshi, hapo programu haisaidii tena. Vivyo hivyo kuunganisha kwenye betri ya plake ya sola ya volti 12. Usijaribu.

Hatua za kazi

Fanya kazi na kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, usitegemee jenereta. Kila kitu unachohitaji kitolewe kwenye intaneti mapema, pale penye mtandao mzuri, kiwekwe kwenye flashi disk: programu ya esptool, programu ya Thonny, faili ya MicroPython ya ESP8266, na dereva ya CH340 au CP2102, kulingana na kile kichipu kidogo kilicho karibu na tundu la USB. Vyote ni vya bure. Kuja Nundu bila vitu hivi halafu kutafuta mtandao juu ya kilima na simu mkononi ni kupoteza siku nzima.

Kable nayo ni mtego. Kable nyingi za sokoni zinachaji tu, zina waya mbili ndani, hazipitishi habari. Kompyuta haitaona chochote na utafikiri bodi imeharibika. Jaribu kable kwanza kwa kuhamisha picha kutoka kwenye simu. Picha zikipita, kable ni nzima.

Kabla ya kufuta chochote, chukua kopi ya programu ya zamani. Hatua hii tunaisisitiza kuliko zote, kwa sababu programu ya zamani ikifutika bila kopi, hakuna mahali pa kuiomba, maana aliyeiandika hayupo tena. Pengine ndani yake kuna marekebisho ya kihisi ambayo hamyajui. Kwa bodi yenye kumbukumbu ya megabaiti 4, na kompyuta ikiiona kwenye lango la COM3, unaandika hivi:

esptool --port COM3 read_flash 0 0x400000 zamani.bin

Itachukua dakika 6 au zaidi. Iache. Ikimaliza, hakikisha faili ya zamani.bin ipo na ina ukubwa wa megabaiti 4, kisha iweke mahali pawili: kwenye flashi disk ya komite na kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Halafu:

esptool --port COM3 erase_flash

esptool --port COM3 write_flash 0 mpya.bin

Hapo mpya.bin ni jina tuliloipa faili ya MicroPython. Sehemu hii ya mwisho haifiki hata dakika mbili. Kompyuta ikisema haiwezi kuunganisha, shika kitufe kilichoandikwa FLASH juu ya bodi, bonyeza na kuachia kile cha RST, kisha achia FLASH, ujaribu tena. Njo namna ya kuiambia chipu ikae tayari kupokea.

MicroPython yenyewe haipimi kitu. Fikiria ni kama umeifundisha chipu kusoma. Sasa unaiandikia barua, faili yenye jina main.py, na kila ikiwashwa inasoma barua ile na kuitii. Barua inatumwa kwa kutumia Thonny. Uzuri wake ni kwamba kesho ukitaka kubadilisha namba moja, hauflashi tena, unafungua barua, unasahihisha mstari mmoja, basi.

Kwa waya za kihisi: chanya kwenye 3V3, hasi kwenye G, na waya wa habari kwenye D5. Angalia, tundu lililoandikwa D5 juu ya bodi linaitwa 14 ndani ya programu. Vijana wengi wanakaa saa nzima hapo. Msitumie D3 kwa kihisi, maana ni waya uleule wa kitufe cha FLASH, na chipu inaweza kukataa kuwaka.

Barua iseme nini

Hapa komite isimwachie kijana aamue peke yake. Kijana anapenda mapambo: aweke sauti, aweke mtandao, itume ujumbe kwa simu. Sisi tunaomba vitu vichache. Mashini isitafute mtandao kabisa. Ipime kila baada ya sekunde chache (kihisi cheupe hakijibu vizuri chini ya sekunde 2) na itoe wastani wa vipimo kumi. Taa ya kijani chini ya 65, ya njano kati ya 65 na 70, nyekundu juu ya 70. Na kuwe na mstari mmoja, juu kabisa ya barua, wenye namba ya kusahihisha kihisi. Tutaueleza hapo chini.

Halafu kuna sharti ambalo kwetu ni la lazima: kihisi kisipojibu, mashini iseme haijui. Programu nyingi za kuokota zinashika namba ya mwisho na kuendelea kuionyesha. Waya umekatika jana, kihisi hakipo, na taa ya kijani inawaka kwa sababu ya namba ya juzi. Depo itafunga magunia ya watu kwa kuamini taa ile. Kwa hiyo andikeni: kihisi kikinyamaza, taa zote zizimike isipokuwa nyekundu, nayo ipepese. Kisha jaribuni kwa mikono yenu, mbele ya komite: ng'oeni waya wa kihisi mashini ikiwa inafanya kazi. Kijani kikibaki, barua hiyo haijakamilika, irudi kwa aliyeiandika.

Chumvi njo hakimu

Programu ikiwa safi namna gani, pua inaweza kuwa imezeeka. Kihisi kilichokaa miezi mingi katika vumbi na unyevu kinaanza kusoma vibaya, na hakuna programu inayoweza kujua hivyo yenyewe. Inahitajika hewa ambayo unyevu wake tunaujua tayari. Chumvi ya jikoni inatupa hewa hiyo. Chumvi iliyoloweshwa kidogo, ikifungiwa ndani ya chombo, inashika hewa ya ndani kwenye asilimia 75, na joto letu la hapa halibadilishi sana. Ni chumvi yoyote ya sokoni, hata ile ya Uvinza iliyokuwa inavuka ziwa kwa mitumbwi tangu zamani za mababu.

Fanya hivi. Jaza kizibo cha chupa kwa chumvi, ongeza maji tone kwa tone mpaka iwe kama uji mzito, isielee majini. Weka kizibo na kihisi ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kihisi kisiguse chumvi wala maji. Pitisha waya kwenye mfuniko, ziba kwa plastelini au nta. Acha usiku kucha ndani ya nyumba, mbali na jua na moto. Asubuhi soma namba bila kufungua.

Kile cha depo tuliyoitaja kilisoma 79. Maana yake kinazidisha 4. Katika ule mstari wa juu wa barua tuliandika kutoa 4, tukaituma tena, na asubuhi iliyofuata chombo kilisoma 75. Kusahihisha hivi kunatosha karibu na 65 na 70 tunapofanyia kazi. Kihisi kikisoma 85 au 62 ndani ya chumvi, usikisahihishe. Kinunuliwe kingine.

Kupima ndani ya depo

Tumekuta mashini nyingi zimetundikwa ukutani. Ukutani inapima hewa ya depo, haipimi karanga zako. Chukua mikono miwili ya karanga kutoka katikati ya gunia, si juu, uziweke na kisanduku ndani ya mfuko wa plastiki usio na tundu, funga, weka kivulini nusu saa. Pima kila mkulima peke yake kabla ya kuchanganya. Gunia moja lenye 74 linatosha kuharibu rundo, na mwenye gunia lile apewe nafasi kwenye bashi, asitukanwe. Kwa wale wanaotumia mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, pima kabla ya kufunga, kwa kuwa maji yaliyofungiwa ndani hayana pa kutokea.

Liko jambo la mwisho ambalo linahusu wanunuzi. Mnunuzi anajua kilo inaweza kuchezewa, basi akisikia kwamba kooperative imejiandikia programu yake yenyewe, ana haki ya kushuku. Msikasirike. Wekeni chombo cha chumvi juu ya meza ya depo siku ya mauzo, kikiwa kimelala na kihisi usiku mzima, mfungue daftari mwonyeshe tarehe na namba za miezi iliyopita. Akitaka aje na kipimo chake, kiingie chumvini vilevile. Mnunuzi mmoja alikataa kuweka chake, na wamama wa depo wakapata jambo la kusema siku ile katika kupatana bei.

Juu ya kisanduku bandikeni kipande cha karatasi: tarehe ya programu, jina la aliyeiandika, namba ya kusahihisha. Jaribio la chumvi lifanyike Desemba kabla ya mavuno, kisha kila mwezi mpaka depo iwe tupu, na kila mara andikeni namba iliyosomeka kabla ya kusahihisha. Mkiona inasogea, 79, halafu 81, halafu 83, anzeni kuchanga pesa ya kihisi kipya. Bodi ni ileile, barua ni ileile, kinabadilishwa kihisi tu pamoja na ule mstari wa juu.